Pale Ozell Alipojikwaa

Wale waimbaji wanaojiita Vireos na kuzunguka na makoti mekundu siku hizi hawajawahi kuimba kwenye ngazi za jengo lolote. Mkubwa wao ana miaka arobaini, na wimbo unaowapa ulaji ulirekodiwa mwaka 1957. Hesabu fanya mwenyewe. Hata hivyo, katika kila onyesho kiongozi wao, Renard, hujifuta jasho kwa leso nyeupe na kuwaambia watu jinsi anavyozikumbuka "enzi zetu pale Newark, vijana wadogo, hatuna kitu ila sauti." Newark alifika mara moja, ndege yake ilipochelewa.

Vireos wa kweli walikuwa watano, na mmoja wao ni babu yangu, Alonzo Gadsden. Wakati ule kila mtaa wa mji huo wa Newark, Marekani, ulikuwa na kundi lake la du-wop, vijana wa kuimba kwa sauti tupu kwenye ngazi na kona za barabara, na kila kundi lilitaka jina la ndege au la gari. Hawa wa kwetu walichelewa. Walipofungua kitabu cha ndege kwenye maktaba ya shule, ndege wote wazuri walikuwa wameshachukuliwa, wakabaki na vireo, kijindege cha rangi ya majani makavu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona. Cleophus, mwimbaji wa besi, alidhani ni aina ya tai.

Watu hupenda kuniuliza wale wa mwanzo waliishia wapi. Huuliza kwa sauti ya chini, kama walio msibani, kisha hawasubiri jibu. Jibu lenyewe si refu. Ozell Rainey, aliyeongoza, aliambiwa na wenye kampuni kwamba yeye ndiye nyota na wenzake ni mapambo. Akaamini. Aliwaacha, akarekodi peke yake nyimbo ambazo hata mama yake hakuzinunua, akafia Detroit kwenye chumba cha kupanga, na gazeti lililotangaza kifo chake likaweka picha ya mtu mwingine. Hosea, aliyeimba teno ya kwanza, sauti ya juu, aliendesha basi la mji hadi moyo ulipomsimama, na katika abiria wake wote hakuna aliyejua kwamba dereva anayemtukana kwa kuchelewa ndiye aliyemsindikiza kwa sauti siku alipoposa. Rudell, wa teno ya pili, alikwenda vitani akarudi bubu, akafa hivyo hivyo. Cleophus yuko hai, ni askofu huko Georgia. Huwaambia waumini kwamba ujana wake aliupoteza kwenye muziki wa shetani, lakini sadaka huiomba kwa besi ile ile.

Babu alipanga barua posta mpaka akastaafu. Yeye aliimba baritoni, sauti ya kati, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane. Ukiwa baritoni, wasichana hawakupigii kelele. Kazi yako ni kujaza nafasi kati ya wanaojulikana. Kwa hiyo wale vijana, walipotunga wimbo wao "Nisubiri Ngazini", walimpa Babu zawadi: katikati ya wimbo, wote wananyamaza, naye anashuka peke yake, noti baada ya noti, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka kwa sababu anajua anayesubiriwa ni yeye. Akifika chini ndipo Ozell anaingia. Mahali penyewe ni padogo, lakini palikuwa pake.

Siku ya kurekodi, mwenye studio alikuwa na njaa. Walipofika katikati wakanyamaza, Babu akafungua kinywa, na Ozell, kwa woga, akaingia kabla ya wakati. "Ni-ni..." Akashtuka, akanyamaza, akaanza upya: "Nisubiri." Babu naye alishafunga kinywa. Waliomba warudie. Mwenye studio akasema imetosha, akaenda kula.

Redio ikaupenda wimbo, na ndani ya wimbo ikapenda hasa lile kosa. Sasa, kona zilikuwa na utaratibu wake. Ukikosea mbele za watu, makundi mengine hukurudishia kosa lako kila wakikuona, barabarani, kanisani, popote, mpaka siku utakapoimba sawasawa mbele yao. Ndiyo njia pekee ya kuwanyamazisha. Vireos hawakuipata siku hiyo. Kila walikopita walipokewa na "ni-ni! ni-ni!" mpaka kundi likavunjika. Kisha miaka ikapita, waliozomea wakazeeka, na dhihaka ikageuka kumbukumbu tamu. Siku hizi harusini wajukuu hufundishwa kuimba ni-ni. Babu huinuka na kwenda kunawa mikono.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, nacho alikisema waziwazi wakati akiosha vyombo: pasikike mahali pake mara moja, mbele ya watu, kwa jina la Vireos, kabla hajafa.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi Mei, mwaka 2008, wakati Bwana Duane Hartley alipokuja nyumbani. Huyu ndiye mwenye wale Vireos wa makoti mekundu, na Vireos hawakuwa mali yake ya pekee. Alikuwa na makundi mengine kama manne, yote ya marehemu. Sheria mpya ilikuwa imetoka kwamba kundi lisilo na hata mtu mmoja wa kwenye rekodi haliruhusiwi kujiita kwa jina lile. Alishampigia simu askofu, na askofu alimwombea mpaka simu ikaisha chaji. Akabaki Babu.

Alikuja na pai ya viazi vitamu ya dukani, akaketi jikoni kwetu, akamtazama Babu kama mtu anayetazama mche wa maua alioupata kwa bei nafuu.

"Mzee Gadsden, wewe ni hazina."

"Hazina huwa inafukiwa," Babu akasema. "Nitaimba?"

"Utakuwa jukwaani na wenzako, mzee wangu. Koti jekundu, taa, watu wamesimama."

"Hao si wenzangu. Nimeuliza, nitaimba?"

"Utawekewa maikrofoni yako kabisa. Hapa, mbele yako."

"Na pale katikati, nashuka mimi kwanza. Ozell alinikanyaga pale."

"Hayo tutayazungumza, mzee. Ni mambo ya kuzungumza tu hayo."

Bwana Hartley alipoondoka Babu aliikata ile pai, akaionja, akaisukuma upande wangu. "Haina hata viazi," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na jioni ile aliimba kwa nguvu hadi jirani akagonga ukuta. Nami nilifurahi pamoja naye. Nilidhani watu walioupenda wimbo kwa miaka hamsini wangefurahi kuletewa kipande chake kilichopotea. Bado naona ni jambo la haki kulidhania.

Onyesho lilikuwa Jumapili kwenye ukumbi wa pwani ya Jersey, mara mbili: saa nane mchana kwa wanaotaka kuwahi chakula cha jioni, na saa kumi na moja kwa waliokwisha kula. Asubuhi kulikuwa na mazoezi. Babu alipewa koti lililomshinda mabega na kiti kirefu mwishoni mwa mstari, pembeni kabisa, karibu na pazia. Bendi ikaanza. Walipofika katikati, Renard akafumba macho, akashika kifua. "Ni-ni..." Akameza mate kwa ufundi mkubwa. "...nisubiri."

"Hebu simamisheni," Babu akasema. "Kijana, hapo unafanya nini?"

"Naimba, mzee."

"Hiyo ni-ni ya nini?"

"Si ndiyo wimbo wenyewe! Miaka sita naifanyia mazoezi hiyo. Kigugumizi cha mapenzi. Mwanamume anaona haya kumwambia binti amsubiri."

"Haya gani? Ozell alikosea kuhesabu."

Mmoja wa wale makoti mekundu akacheka puani. "Mzee, marehemu huyo. Tumheshimu basi."

"Marehemu tumelala kitanda kimoja kwa bibi yake, na alikuwa anakojoa. Wewe ndiye utanifundisha kumheshimu? Alikosea. Pale pangu. Naanza mimi, nashuka, nikifika chini anaingia yeye."

Renard alichomeka visikilizio masikioni, akaitafuta rekodi kwenye kidude chake, akasikiliza huku ameinamisha kichwa kama daktari. Kisha akavitoa. Uso wake ulijaa huruma.

"Mzee wangu, nimesikiliza vizuri. Hakuna baritoni pale. Kuna kimya, halafu ni-ni."

"Haipo kwa sababu alinikanyaga!"

"Basi si haipo?"

Hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwepo alivyomweleza aliyekuwepo mambo yalivyokuwa. Na Bwana Hartley, aliyekuwa ameketi safu ya mbele akila karanga, alisema, "Tunakwenda na rekodi, jamani. Watu wanalia pale kwenye ni-ni. Mzee, wewe jisikie nyumbani tu."

Saa nane ukumbi ulijaa. Wote walikuwa na umri wa Babu au karibu yake, wamependeza, wamenyunyizia manukato, wengine na mitungi yao ya hewa ya oksijeni ya magurudumu. Mtangazaji akasema kwamba leo, mbele yao, yupo Mvireo halisi, mmoja wa wale wa 1957, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Jina lake hakulitaja. Nilikuwa nimesimama pembeni nyuma ya pazia, karibu kabisa na kile kiti, na niliona Babu amenyoosha mgongo kama askari.

Walipofika katikati alishuka kitini, akaisogelea maikrofoni, akaimba. Mimi nilimsikia kwa sababu nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Maikrofoni ilikuwa imezimwa. Sidhani kama iliwahi hata kuchomekwa. Na papo hapo Renard akajikwaa kwa ustadi, na ukumbi mzima, watu wazima wenye wajukuu, wakajikwaa pamoja naye: "Ni-ni!" wakacheka, wakafutana machozi. Walimwona mzee aliyesimama mahali pasipo pake akichezesha midomo. Nikasikia "maskini" kutoka safu za mbele. Wakampigia makofi ya kumtia moyo, kama anayopigiwa mtoto aliyesahau shairi.

Baadaye walipanga foleni kwenye baraza ili wapate sahihi. Foleni ya Renard ilizunguka nguzo. Ya Babu ilikuwa ya wachache, na kila mmoja alikuja na ushauri.

"Pole baba, pale katikati ulipotea kidogo," mama mmoja alimwambia akimpigapiga mkono. "Umri huo. Hata mimi nasahau jiko."

"Sikupotea, mama."

"Sawa baba. Sawa."

Bwana mmoja mwenye kofia iliyoandikwa jina la meli aliyotumikia alimwambia kwa kujiamini, "Lakini yule kijana anafanana na ile ya asili kuliko ninyi wenyewe, eh?"

"Anafanana sana," Babu akasema. "Hata makosa."

Yule bwana akacheka, akaomba wapige picha, kisha akamwita Renard aje akae katikati.

Tulimkuta Bwana Hartley kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Babu hakupandisha sauti. Hajawahi kuipandisha mbele ya wageni.

"Maikrofoni yangu ilikuwa imezimwa."

"Mzee, fundi mitambo alisema..."

"Saa kumi na moja nataka iwake."

Bwana Hartley akafikiri. Si mjinga. Akavuta kiti, akaketi karibu na Babu magoti yakigusana. "Haya. Iwake. Nitakuweka katikati, karibu na Renard. Jina lako litangazwe, Alonzo Gadsden, mara mbili ukitaka. Utaimba wimbo wote na watu wakusikie. Ila unaimba kama rekodi ilivyo. Pale katikati unanyamaza, na ukipenda, unaweza ukasema ni-ni pamoja nasi. Watu wameacha nyumba zao kuja kusikia kile wanachokijua. Utawanyima kwa ajili ya noti saba?"

Nilimtazama Babu na niliogopa, kwa sababu nilijua anavyolitamani. Jina lake kutangazwa. Wimbo wote, isipokuwa pale. Akageuzageuza kifungo cha lile koti. Renard, aliyekuwa akijipaka poda mbele ya kioo, akasema bila kugeuka, na nadhani alisema kwa nia njema, "Kubali mzee. Jambo lenyewe ni dogo tu hilo."

"Kwako dogo," Babu akasema. Akavua koti. "Mimi siimbi ni-ni. Nilikataa nikiwa na miaka kumi na minane, tena nilikuwa nakataa mbele ya watu wenye ngumi."

"Usipopanda hatuna jina!" Bwana Hartley akasema.

"Najua."

"Mzee, tiketi zimeshauzwa!"

"Ziliuzwa kabla hata hujaja na ile pai yako." Akalikunja koti, akaliweka juu ya meza ya poda, mbele ya Renard. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nyanyuka."

Mtu angedhani hapo dunia ingetikisika. Nami nilidhani. Nilitoka nje nikitazamia vurugu, watu wakidai kurudishiwa viingilio, labda hata mwandishi wa habari. Bwana Hartley alimtuma fundi na karatasi pana na wino mzito, na juu ya bango, kabla ya neno Vireos, pakabandikwa maneno mawili: "Heshima kwa". Kazi imekwisha: sheria inakataza kujiita kundi, haikatazi kulienzi. Kundi lisilo na mtu wake hata mmoja likawa halali kwa karatasi na gundi. Watu wa saa kumi na moja walipita chini ya bango wakipiga picha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nilisimama pale karibu na mlango kwa hasira, nikamsimamisha bibi mmoja, nikamwambia, "Hao ndani si Vireos." Akaniangalia juu mpaka chini. "Binti," akasema, "nimekuwa shabiki wa Vireos kabla mama yako hajazaliwa. Usinifundishe."

Babu alikuwa ameketi kwenye benchi akitazama watu wakiingia.

"Twende nyumbani, Babu."

"Basi la kanisa lililotuleta linakuja kutuchukua saa mbili. Utakaa nje hapa na upepo huu? Ndani kuna viti."

"Utakaa umsikilize Renard?"

"Ana sauti nzuri yule mtoto. Tatizo lake ni masikio." Akainuka akishika goti. Mwenye kukata tiketi alimtambua, akatupitisha.

Tukapata nafasi mbili katikati ya safu za nyuma. Upande wa pili wa Babu alikaa mama mnene mwenye kofia ya zambarau, mkoba mapajani, akijipepea kwa kipeperushi cha onyesho. Hakumtambua. Bila koti jekundu Babu ni mzee kama wazee wengine. Taa zikazimwa. Renard akajifuta jasho, akakumbuka enzi zake pale Newark, mama akasema "Ah, jamani" kwa upole. Kisha wimbo ukaanza, na mama akaanza kuimba nao, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliyefua na kupika akiuimba miaka yote.

Pale katikati bendi ikanyamaza. Babu akaimba.

Hakuimba kwa nguvu. Alianza juu, akashuka, kila noti akiikanyaga sawasawa kabla ya kuiacha, na Renard alipojikwaa huko mbele, na ukumbi wote ulipojikwaa naye, Babu hakusimama. Aliendelea kushuka katikati ya kelele zao mpaka akafika chini, na akafika kwa wakati wake.

Mama alikuwa amemtia kiwiko kwa nguvu. "We baba vipi? Unaniharibia!"

"Samahani, mama."

"Nimeolewa kwa wimbo huu mimi, unaniharibia pale penyewe!" Kisha akageuza shingo, kofia na yote. "Hebu ngoja. Umeimba nini hiyo?"

"Sauti ya kati."

"Haipo hiyo."

"Ipo, mama. Tangu mwaka hamsini na saba. Mtu amesimama juu yake tu."

Mama alimkazia macho. Huko mbele Renard alikuwa amepiga goti moja chini. "Nyumbani ninayo ile sahani ya santuri," mama akasema polepole. "Pale siku zote nahisi kama kuna kitu kimekatwa. Nilikuwa namwambia marehemu mume wangu, hapa sindano inaruka, hebu isafishe. Anasafisha. Inaruka." Akaacha kujipepea. "Imba tena."

Babu akamsogelea kidogo, akaimba tena, chini chini, wimbo wa huko mbele ukienda njia yake. Safu ya nyuma yetu wakaanza kulalamika. Mtu akasema "Jamani, wazee!" Mhudumu wa ukumbi akaja na tochi, akainama juu yetu. Alikuwa mpole, ndiye wa kwanza kunionyesha upole siku ile.

"Mzee, tafadhali. Wanamuziki wanaimba."

"Wanamuziki gani?" mama akasema. Akausukuma mwanga wa tochi kwa kipeperushi. "Hebu toka hapo, mwanangu, nasikiliza."

Akamshika Babu mkono wa shati.

"Anzia pale juu," akamwambia. "Usiharakishe."

Babu akavuta pumzi, akaanzia pale juu.